Mrejesho: tulivyopunguza huduma kanisani tukiwa hatuna mchungaji

Wapendwa, ni mimi niliyeuliza: mchungaji kahamishwa, mwingine haijulikani atakuja lini, sadaka inashuka, na vikundi 11 vinasubiri bajeti. Tupunguze vipi bila kugombana? Asanteni sana kwa majibu.

Tulifuata ushauri wa kuuliza kila kikundi maswali mawili tu: mnamhudumia nani, na kiongozi akisafiri funguo anashika nani? Daftari la maombi ya Jumatano lilikuwa na majina yale yale manne tangu Pasaka iliyopita. Maombi hayo tukayahamishia kwenye jumuiya za nyumba kwa nyumba, mitaa ya Nkuhungu na Chang'ombe hapa Dodoma, na sasa wanafika hata bibi zetu wasio na nauli. Shule ya Jumapili hatukuigusa.

Kwaya ya pili ndiyo iliyotushinda. Tulisema waungane na ya kwanza. Wakabeba kinanda chao (walikinunua kwa harambee yao, haki yao) na sita hawajarudi hadi leo. Kosa letu: tuliamua Januari, nusu yao wako shamba wanapalilia mtama. Tutakaa nao upya baada ya mavuno.

Mchungaji bado.