Programu za 3D zinautupilia mbali mwanga wa vioo kimyakimya, kisha tunaambiwa ni hali ya kawaida

Ndugu wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Nilimkabidhi mteja picha ya chumba chenye vioo viwili vinavyotazamana, niliyoitengeneza kwa programu ya 3D, yaani programu inayokokotoa picha kwa kuiga safari ya mwanga, naye akairudisha kwa sababu katikati ya kila kioo palikuwa na doa jeusi mithili ya shimo. Nilipoiandikia kampuni iliyotengeneza programu hiyo, ambayo ninailipia, nilijibiwa kwa mstari mmoja tu kwamba hiyo ni tabia ya kawaida ya programu.

Kanuni ya kioo ni miongoni mwa kanuni nyepesi kabisa katika fani hii: pembe ambayo mwali unaingilia ndiyo pembe ambayo unatokea, zote mbili zikipimwa kutoka mstari uliosimama wima juu ya uso wa kioo. Tangu mwaka 1980 mtafiti wa picha za kompyuta, Turner Whitted, alionyesha namna ya kuufuata mwali kutoka kwenye jicho, kuugonganisha na kioo na kuzaa mwali mpya unaoendelea na safari, tena na tena. Kwa hiyo ujuzi upo. Kinacholeta doa jeusi ni kikomo cha idadi ya miakisiko, yaani mara ambazo mwali unaruhusiwa kudunda kwenye vioo, ambacho mtengenezaji amekipanga mwenyewe na kukificha ndani ya mipangilio ambayo mtumiaji wa kawaida hana sababu ya kuifungua.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kioo kinaakisi asilimia 90 ya mwanga unaokifikia. Baada ya miakisiko 4, mwanga uliobaki ni takribani asilimia 66, na hapo ndipo programu yenye kikomo cha 4 inapoikata njia na kuandika sifuri, yaani weusi mtupu. Inahitajika miakisiko 44 ndipo mwanga huo ushuke chini ya asilimia 1. Najua kwamba kufuata njia zote kwa urefu huo kunakula muda, lakini dawa yake ni ya zamani na inajulikana: baadhi ya njia husitishwa kwa bahati nasibu, na zile zinazosalia huongezewa uzito ili wastani ubaki uleule. Picha inaweza kuwa na chembechembe zaidi, lakini haitakuwa na uongo. Kwa nini basi tuuziwe uongo kama chaguo-msingi, yaani mpangilio ambao programu huja nao?

Linaloniudhi zaidi ya hilo ni mwanga ambao kioo huutupa ukutani. Taa inapoangazia kioo, ukuta wa upande wa pili hupata bato la mwanga lenye kingo kali, na kila mwenye macho amewahi kuliona. Programu inayofuata njia za mwanga kutoka kwenye kamera huufikia ukuta kwanza, kisha hurusha mwali kwa kubahatisha, ikitegemea kwamba mwali huo utagonga kioo na kutoka hapo uangukie taa. Taa ikiwa ndogo, bahati hiyo ni haba mno. Ikiwa ni nukta isiyo na ukubwa, bahati ni sifuri kamili. Mwali mmoja ukifanikiwa, huacha nukta nyeupe inayochoma macho, na ili kuziondoa nukta hizo programu hupunguza kwa nguvu kila thamani inayozidi kiwango fulani, au huzima kabisa mwanga wa aina hiyo. Picha inaonekana safi, mteja haambiwi kitu, na ukuta unabaki na giza pale ulipopaswa kung'aa. Hali hii inasingiziwa ugumu usio na njia, ilhali mwaka 1996 mtafiti mwingine wa picha za kompyuta, Henrik Wann Jensen, alikwisha kueleza mbinu ya kurusha fotoni, yaani chembe za mwanga, kutoka kwenye taa yenyewe na kuhifadhi mahali zilipotua!

Sizungumzii michezo ya video, ambamo picha moja lazima ikamilike ndani ya sehemu ndogo ya sekunde na kioo mara nyingi huonyesha vile tu ambavyo tayari vimo kwenye skrini. Huko haraka ina sababu. Mimi ninazungumzia programu zinazokaa saa nzima zikikokotoa picha moja na kutangazwa kwamba zinafuata fizikia.

Ninachokidai ni kwamba programu inapokata njia au kupunguza thamani, itoe onyo wazi mwishoni mwa kazi, ikitaja mpangilio uliohusika na kuonyesha pikseli zilizoathirika. Taarifa hizo programu inazo tayari, kwa kuwa ndiyo inayokata.

Aliyekumbana na hali hii naomba aweke hapa picha mbili za mandhari ileile, moja kwa mipangilio ya chaguo-msingi na nyingine baada ya kuongeza kikomo cha miakisiko na kuondoa upunguzaji wa thamani, ili nitakapoiandikia tena kampuni hiyo nisiwe na picha zangu peke yake.