Jero kwenye mataa: tunamsaidia mzee au tunamfunga mtoto?

Mpita Magomeni
Wakuu, habari za asubuhi. Kuna jambo linanikosesha raha tangu juzi.

Kila siku nikienda kazini napita mataa ya Magomeni. Pale kuna mzee asiyeona, anashika bega la mtoto wa kiume ambaye kwa kumtazama hajafika miaka kumi. Taa ikiwaka nyekundu wanapita dirisha hadi dirisha. Mimi nimezoea kutoa jero, ile sarafu ya mia tano. Ni sekunde chache tu, na roho yangu inatulia. Juzi nilikuwa nimempa lifti mfanyakazi mwenzangu. Nilipotoa ile sarafu akanigeukia: "Unajua wewe ndiye unayemzuia huyu mtoto kwenda shule?" Nilikosa jibu. Tulifika kazini hatusemeshani.

Naomba mnijibu kwa dhati. Tuendelee kutoa au tuache?

Bint Kisiju
Toa kaka yangu, toa. Mwenye njaa halishwi maneno ya mwenzako. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ukianza kumpeleleza kila anayekunyooshea mkono utafika uzee hujampa mtu kitu.

Mhasibu wa Tabata
Mwenzako kasema kweli na ndiyo maana imekuuma. Ada zimefutwa shule za msingi hadi kidato cha nne tangu Januari 2016. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na kusoma ni haki yake. Sasa saa mbili asubuhi huyo mtoto anafanya nini mataani? Yupo kwa sababu sarafu zipo. Sarafu zikikoma, hatakuwa na cha kufuata pale.

Kama kweli unataka kusaidia, piga 116, ile namba ya huduma kwa mtoto. Ni bure. Eleza ulichokiona, mahali na saa. Hilo nalo ni jambo dogo, na linamgusa mtoto kuliko jero yako.

Mama wa Vingunguti
"Sarafu zikikoma hatakuwa na cha kufuata." Atakwenda wapi? Umesema hatakuwa mataani, hujasema atakuwa wapi. Ada imefutwa, sawa. Sare, daftari, na uji wa asubuhi navyo vimefutwa? Nina watoto wanne shuleni, usinifundishe gharama za shule.

Mhasibu wa Tabata
Dada, sijasema shule haina gharama. Nimesema jero haimpeleki.

Dereva wa Noah
Mnahangaika bure. Hawa wote wanatoka Dodoma. Wagogo kuomba kwao ni kama kilimo, kiangazi wanakuja Dar, mvua zikianza wanarudi kulima. Serikali iliwahi kuwapakia kwenye malori kuwarudisha, enzi za Mwinyi, wakarudi wote.

Mzee wa Ilala
Haikuwa enzi za Mwinyi, kijana. Ile ilikuwa operesheni ya Nguvu Kazi, mwaka 1983, Mwalimu Nyerere bado ni rais na Sokoine ndiye waziri mkuu. Mwinyi aliingia 1985. Na hawakukamatwa omba omba peke yao. Ukikutwa mjini huna kitambulisho cha kazi unapandishwa lori kwenda shamba. Jirani yangu alikamatwa akiwa ametumwa mkate na mkewe. Nakubaliana nawe hapo tu, kwamba wengi walirudi.

Mwana Kongwa
Dereva wa Noah, nimekaa kimya kwenye mada nyingi humu lakini leo sikai. Unasema "kuomba kwao ni kama kilimo" unamsema nani? Mama yangu? Baba yangu alilima uwele na karanga mpaka mgongo ukapinda, hakuwahi kunyoosha mkono kwa mtu. Ninyi mkimwona Mgogo mmoja anaomba mnaona kabila zima.

Dereva wa Noah
Mkuu punguza jazba, huo ni utani tu. Watanzania tumelelewa na utani.

Mwana Kongwa
Utani una watani wake, na mtani akikutania ukafiwa yeye ndiye anayekuja kukuchimbia kaburi. Wewe utakuja? Kama hutakuja, hayo ni matusi.

Na kwa kuwa umeanza, ngoja nikueleze. Bibi yetu alikuwa akituhadithia Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilipita kwetu. Mjerumani alichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mwingereza alipokuja naye akachukua. Kisha mvua zikagoma. Watu walitawanyika kwenda popote palipokuwa na chakula, na waliokufa njiani ni wengi mno. Hapo ndipo babu zetu walipojifunza kwamba ukame ukija unakwenda kwa mwenzako. Na mwenzako akipata shida anakuja kwako. Kwetu mvua ni kama milimita 570 kwa mwaka, zote ndani ya miezi michache, na mwaka mbaya hazifiki hata hizo. Wewe ungebaki?

Mkulima wa Mbozi
Lakini sasa serikali nzima imehamia Dodoma. Kwa nini bado wanakuja Dar?

Mwana Kongwa
Wizara zimehamia mjini. Kijijini kwetu hakuna wizara, kuna bomba ambalo likiharibika tunarudi kwenye makorongo.

Mama wa Vingunguti
Mwana Kongwa, pole kaka. Mimi si Mgogo lakini hilo neno limeniudhi kama limesemwa kwetu.

Dereva wa Noah
Basi nimekosa. Nilisema nilichozoea kusikia. Lakini nijibu hili bila hasira: kwa nini wengi wao ni vipofu? Naendesha gari mji huu miaka mingi, ninachosema nakiona kwa macho.

Mwana Kongwa
Hilo ni swali la maana, ungeanza nalo. Ni vikope, hospitalini wanaita trakoma. Wilaya yetu ya Kongwa, huko Dodoma, inajulikana duniani kwa ugonjwa huo, watafiti wamekuja kwetu tangu miaka ya 1980. Ni vijidudu vinavyohamishwa kwa mikono, kwa kanga, na kwa nzi wanaotua kwenye matongo ya mtoto. Ukiugua mara moja unapona. Ukiugua tena na tena tangu utotoni, ndani ya ukope panakuwa na kovu, kovu linavuta, kope zinageukia ndani. Kila ukipepesa zinakwaruza kioo cha jicho. Miaka inapita, jicho linaingia ukungu, kisha giza. Wanawake huumia zaidi kwa sababu wao ndio wanaoshinda na watoto.

Shangazi yangu alikuwa akizing'oa kope zake kwa kibano kila wiki, zikiota anang'oa tena. Alipokuja kupelekwa kufanyiwa upasuaji wa ukope, jicho moja lilikuwa limeshakwenda. Upasuaji wenyewe ni mfupi, unafanyiwa kwa ganzi na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Mnazungumzia vitendo vidogo. Miaka ya 1990 walifanya utafiti kwetu, wakawahimiza akina mama kuwanawisha watoto uso. Vijiji vilivyonawisha, vikope vikali vilipungua. Kumnawisha mtoto uso kunahitaji maji ya kukinga kwa viganja, lakini hayo ya viganjani mama yangu aliyafuata kwa mguu kutoka alfajiri. Kwa hiyo mtu akiniambia yule mzee wa Magomeni ni mvivu, namwona ni mtu aliyefungua bomba asubuhi akanawa na hakukumbuka kwamba amenawa.

Bint Kisiju
Subhanallah. Nimesoma mara mbili.

Mhasibu wa Tabata
Nimejifunza, na nashukuru. Ila mtoto bado yupo mataani na hakuna aliyemjibu mwenye mada. Tumezungumza mvua, kabila, macho. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 176, inagusa kuomba barabarani na kumtuma mtoto aombe.

Mama wa Vingunguti
Wewe una sheria nyingi! Kifungu hicho kinamfunga nani, mzee asiyeona? Ukishamfunga mtoto atamshika nani bega? Umewahi kulala na njaa wewe?

Mhasibu wa Tabata
Nimelala nayo. Na sikuitaja kwa hamu ya kuona mtu anafungwa. Nakasirika kwa sababu kila mtu humu anamhurumia mzee, na mzee anastahili, lakini mtoto mnamwona kama fimbo yake. Miaka kumi ijayo mzee atakuwa ametangulia, na huyu kijana hajui kusoma, anachojua ni kuhesabu magari. Hapo mtampa jero au mtamwita kibaka?

Mpita Magomeni
Hapo umenigusa kweli. Sikuwahi kumtazama mtoto. Natazama mkono wa mzee kwa sababu ndio unaoingia dirishani.

Mwalimu wa Fimbo Nyeupe
Nimeisikiliza mada yote, simu yangu inanisomea. Mimi sioni tangu nina miaka sita. Ni mwalimu wa sekondari, nalipwa mshahara, nalipa kodi ya nyumba.

Naomba niseme jambo ambalo limenikaa kooni. Jioni nasimama kituoni Mwenge kusubiri daladala. Karibu kila wiki mtu ananishika kiganja, ananiwekea mia mbili au jero, anaondoka. Hasalimii. Nikisema "samahani, siombi" ameshafika mbali. Wakati huo daladala tatu zimepita mbele yangu, na mimi sijui ipi ya Kawe ipi ya Makumbusho, kwa sababu konda ameshuka kununua maji na hakuna anayeita. Yule mtu alikuwa na macho. Angenisomea kibao cha gari ningefika nyumbani mapema. Jero nimebaki nayo mkononi, naona aibu ambayo si yangu.

Bint Kisiju
Mwalimu, pengine ni mimi. Nasema kweli, nimeshawahi kufanya hivyo hapo hapo Mwenge. Nisamehe.

Mwalimu wa Fimbo Nyeupe
Umesamehewa dada. Nia haikuwa mbaya. Kingine, pikipiki. Njia ya waenda kwa miguu mmeigeuza maegesho. Fimbo yangu inagusa chini, haigusi usukani. Mwaka jana usukani wa bodaboda ulinichoma mbavu, na nilipoukwepa nikatumbukia mfereji usio na mfuniko.

Boda wa Sinza
Mwalimu, pole sana, lakini usitulaumu sisi peke yetu. Tukiegesha barabarani askari anatuondoa, tukiegesha mbele ya duka mwenye duka anatuita wezi wa wateja. Mgambo wakija wanabeba pikipiki. Tukae wapi? Mji huu umejengwa kwa ajili ya magari.

Mkulima wa Mbozi
Hata sisi wa mikoani ni hivyo hivyo, stendi yetu huwezi kupita.

Mama wa Vingunguti
Boda, mwalimu anakuambia ameumia mbavu, wewe unamwambia habari za mgambo?

Boda wa Sinza
Nimesema pole kabla sijasema kingine, rudi ukasome. Na nitasema zaidi: kijiweni kwetu tupo kumi na wawili. Kesho tunasogeza pikipiki zote ziangalie upande wa ukuta, tuache nafasi ya mtu kupita na mtoto wake. Kusogeza pikipiki hakuchukui dakika. Hakuna aliyewahi kutuambia sababu, wanatuambia tuondoke tu.

Bint Kisiju
Kuondoa kinachoudhi njiani ni sadaka, Mtume ametufundisha hivyo. Mwenyezi Mungu akulipe.

Mzee wa Ilala
Mada ilikuwa jero. Sasa tuko kwenye mifereji. Mimi kwa umri wangu naona bora kutoa na kupiga simu pia. Mzee ale leo, na mtoto ajulikane kwa watu wa ustawi wa jamii. Sioni kwa nini mtu achague kimoja.

Mhasibu wa Tabata
Mzee, shikamoo. Nakuheshimu lakini sikubali. Ukitoa kila siku mzee hatamwachia mtoto hata wakija maofisa kumi. Anayemtegemea mtoto kwa mkate hamwachii.

Mwana Kongwa
Hata wewe ungekuwa huoni usingemwachia.

Mpita Magomeni
Wakuu, nimerudi. Leo asubuhi nimepita tena. Nilishusha kioo kabla hawajafika nikamwamkia mzee, "Shikamoo." Aliitikia "Marahaba", akageuza uso kuelekea sauti yangu. Nikampa jero kama kawaida. Nikamuuliza mtoto, "Unasoma darasa la ngapi?" Akasema la pili, lakini wakati ule shule ilikuwa imeshaanza. Mzee akasema anasoma mchana, shule yao ina zamu mbili. Sijui kama ni kweli. Taa ikawaka kijani, wa nyuma wakaanza kupiga honi.

Nimepiga 116 nilipofika ofisini. Nilieleza kama nilivyoona, na hilo la zamu mbili nikalisema. Mwenzangu nimemsimulia, tumesemeshana.

Mhasibu wa Tabata
Ahsante kwa kupiga. Zamu mbili zipo, shule za Dar zimejaa. Inawezekana mzee kasema kweli. Wakikurudia tuambie.

Dereva wa Noah
Mwalimu, mimi Mwenge napita kila siku. Nikikukuta pale nifanyeje? Sitaki kukosea tena, humu nimeshakosea mara moja.

Mwalimu wa Fimbo Nyeupe
Salimia kwanza, kwa sauti, ukiwa karibu. Taja jina lako. Uliza "unaelekea wapi?" kabla hujanigusa. Kama ni kuvuka barabara, usinivute wala usinisukume kwa nyuma. Nipe kiwiko nikishike mimi, wewe tangulia nusu hatua, mwili wako utanieleza kila kitu. Pakiwa na ngazi au mfereji niambie "tunapanda" au "tunashuka". Kwenye daladala niwekee mkono wangu kwenye bomba la mlangoni, nitapanda mwenyewe.

Na ukiondoka, sema unaondoka. Mara nyingi nimeendelea kuzungumza na mtu ambaye ameshapanda gari.