Nimealikwa hija ya Wajaini Palitana katikati ya Ramadhani, naombeni ushauri

Binti_Chumbageni
Asalaam alaykum na habari zenu wakuu. Nipo Rajkot, Gujarat, nasoma famasia. Nina rafiki darasani ni Mjaini, yaani wa dini ya Kijaini, ile ya kale ya India isiyodhuru kiumbe, na kwao sasa mimi ni mtoto wa nyumbani kabisa. Bibi yake, tunamwita Ba, ameng'ang'ania niende nao Palitana kwenye hija yao ya Phagun, mwezi wa kalenda ya Kihindi, ile wanayoiita Chha Gau. Yeye atabebwa kwa machela, sisi wengine kwa miguu. Nilimwambia nitakuwa nimefunga, akacheka: "Vizuri, na wengine watakuwa wamefunga."

Sasa wakuu: Mwislamu anaruhusiwa kule au nitaishia getini? Hijabu ina shida? Kile kilima chenye mahekalu yao nitakiweza na swaumu? Na futari inakuwaje, maana watu hawa hawali usiku? Sitaki kumvunja moyo Ba, lakini sitaki pia nizimie ngazini, machela yake nipande mimi.

Fundi_Nondo
Dada, Ramadhani unaenda kuzunguka mahekalu? Baki chumbani usome Kurani.

Mzee_wa_Ahmedabad
Fundi, mwenzio kauliza ngazi na futari, wewe unatoa fatwa.

Binti, nimeishi Gujarat miaka mingi kwa biashara ya nguo na Palitana nimeenda na wateja wangu. Mji uko wilaya ya Bhavnagar, kilima kinaitwa Shatrunjaya. Ngazi ni zaidi ya 3,500, na juu kuna mahekalu zaidi ya 800, makubwa kwa madogo, yamezungushiwa kuta kama ngome. Hekalu kuu ni la Adinath, wa kwanza katika waalimu wao 24. Hakuna anayelala juu, hata makuhani. Jioni wote wanashuka, milango inafungwa.

Mgeni anaruhusiwa. Wanaofanya ibada yenyewe, wale wa nguo nyeupe zisizoshonwa na kitambaa mdomoni, ndio wanaoingia chumba cha ndani penye sanamu. Wewe simama nje yake na utulie. Hijabu hakuna aliyeiuliza mbele yangu. Kamera na simu uliza getini kwanza.

Ila elewa umealikwa siku gani. Siku za kawaida mtu anapanda, anazuru, anarudi kwa njia ile ile. Chha Gau ni siku moja tu kwa mwaka, tarehe 13 ya mwezi mchanga, siku mbili hivi kabla ya Holi, sikukuu ya rangi ya Wahindu. Chha ni sita, na gau moja wanaihesabu kama kilomita 3, kwa hiyo sita piga mwenyewe. Ukitoka hekalu kuu unapitia lango la Ramapol, unazunguka mgongo wa kilima kwenye njia ya mawe, jua la Machi la huku Saurashtra, upande huu wa Gujarat, linakuchoma kisogoni, halafu unateremkia upande wa pili. Kule chini jumuiya za miji mbalimbali zimesimamisha mahema, wanaita pal, wanalisha mahujaji bure. Watu ni maelfu kwa maelfu. Wanaamini siku hiyo Shamb na Pradyumna, wana wa Krishna, walipata ukombozi wao pale pamoja na watawa wasiohesabika.

Kwa hiyo mwenzio akila kwenye pal, wewe utakuwa umekaa pembeni unameza mate. Jipime.

Mama_Nargis
Niongezee ya wanawake, wanaume hawatakwambia. Ukiwa katika siku zako hutaingia hekaluni, kwa hiyo mwambie rafiki yako mapema, asije akakuvuta mkono mlangoni mbele za watu. Kilimani hawapandi na chakula, ni maji tu, na ya kuchemsha yanapatikana njiani.

Futari sasa. Jikoni za dharamshala, nyumba za kulala mahujaji, zinafunga jua likizama, na hapo ndipo wewe unafungua kinywa! Usitegemee chakula chao. Beba tende na maji chumbani, umwombe Ba akutangulizie neno kwa msimamizi. Daku vilevile, wao hawagusi kitu kabla jua halijachomoza. Mlo wao hauna viazi, vitunguu maji, saumu wala karoti, chochote kinachong'olewa na mzizi. Mayai usiyafikirie, sambusa za nyama ndiyo kabisa. Hata asali waachie wenyewe.

Kibokoni_Msa
Hao watu twawajua huku kwetu Mombasa. Hekalu lao la marumaru liko hapa mjini tangu miaka ya sitini, na marehemu babangu alifanya kazi duka la Oshwal, jamii ya Wajaini wa huku, mpaka akastaafu. Kufunga kwao usikuchezee. Wako wapandao kilima hicho mara saba kwa siku mbili bila chakula wala tone la maji. Ba alipocheka hakukudharau, mwanangu. Alikuona mwenzake.

Na ukifika juu, uliza pa Angar Pir. Ni ziara ya Kiislamu iko juu huko huko kilimani, karibu na mahekalu. Wanawake wanaotafuta watoto hupeleka vitanda vidogo vya kubembelezea, Waislamu kwa Wahindu. Bwana Fundi naye aende akawaulize hao.

Fundi_Nondo
Sawa nimesikia. Lakini ibada asishiriki, hapo sibanduki.

Mzee_wa_Ahmedabad
Hapo hata mimi nakuunga mkono. Tilaka, ile alama ya ibada ya kwenye paji la uso, wakitaka kumpaka, aweke mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo, wataelewa.

Dokta_Mtarajiwa
Tukirudi kwenye mwili: kupanda ni saa moja na nusu hadi mbili kwa mtu mzima wa afya. Hapo na swaumu ni sawa, kwa sababu mnaanza giza halijatoka. Tatizo ni ule mzunguko wa nyuma kuanzia saa nne asubuhi, joto linapokolea na wewe hunywi maji. Wewe ni msafiri, ruhusa ya kula na kulipa siku baadaye unayo. Itumie, au usizunguke. Kuunganisha vyote viwili ndiyo mashaka yangu.

Kuna njia ya tatu. Kilima hufungwa kwa hija miezi minne ya mvua na kufunguliwa mwezi mpevu wa Kartik, kama Novemba. Baridi imeanza, Ramadhani iko mbali, na watu wanafurika vilevile. Mwombe Ba umsindikize wakati huo.

Binti_Chumbageni
Ba ana miaka 81, Novemba siwezi kumwahidi wala yeye hawezi kuniahidi. Nimeongea nao jioni hii. Rafiki yangu na mama yake watazunguka Chha Gau yote. Ba machela yake ni ya mpaka hekalu kuu tu na kushuka, kwa hiyo nitafuatana naye na swaumu yangu, tuwe chini kabla ya adhuhuri. Nimemwambia nikiona kizunguzungu nakunywa maji pale pale, akajibu maji hayana dhambi.

Nimebakiza viatu. Wanasema ngozi hairuhusiwi, na nilivyo navyo vyote ni ngozi.

Mama_Nargis
Nunua raba za kitambaa sokoni hapo Rajkot, bei rahisi. Juu utavua, kwa hiyo beba soksi nzito, mawe yanawaka. Na angalia mkoba na mkanda wa saa, navyo mara nyingi ni ngozi.

Mzee_wa_Ahmedabad
Machela mlipie asubuhi kabla hamjaanza. Bei inategemea uzito wa mtu, na siku ya Phagun wabebaji wanagombaniwa.