Niliuziwa sindano ya "kuchangamsha majogoo": wakacheza, wakapanda, na mayai yakatoka matupu

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na hasira yenyewe si ya fedha peke yake. Nimechoshwa na mtu anayejiita mtaalamu wa mifugo, anayeuza homoni kila siku, lakini hajui homoni hiyo inafanya nini ikifika kwenye ubongo wa ndege.

Nafuga kuku kwa ajili ya kutotolesha vifaranga: mitetea 110 na majogoo 12. Mwezi wa pili majogoo walipoa. Jogoo mzima, kama mjuavyo, humzunguka mtetea kwa hatua za ubavuubavu, bawa moja akiwa ameliteremsha mpaka manyoya yanakwaruza ardhi. Au huokota punje, akaiangusha, akaiokota tena, huku akiita kwa sauti ya kukatakata hadi majike wamkimbilie. Wangu walikuwa wanasimama tu pembeni ya banda. Nikaenda duka la dawa za mifugo, na muuzaji, bila kuniuliza swali hata moja kuhusu banda langu, akasema homoni ya kiume imewapungua. Akanipa vichupa 3 vilivyobanduliwa lebo, akanielekeza niwachome mara mbili kwa wiki, na akanihakikishia kwamba mayai yatakuwa na mbegu kuliko zamani.

Sikatai kwamba banda lilichangamka. Ndani ya siku chache panga zao za kichwani ziliiva wekundu, wakawa wanawika tangu saa tisa usiku, na kupandana kukawa hakuna mapumziko. Mayai ya wiki ya kwanza yalitotoa vizuri, nikarudi dukani kumshukuru na kununua vichupa vingine 4. Kisha nikaweka mashineni mayai 180 ya wiki ya nne. Siku ya saba usiku niliyamulika kwa tochi, moja baada ya jingine, nikitafuta ule utando wa mishipa ya damu unaofanana na miguu ya buibui, na mwanga ukawa unapita mweupe kama kwenye glasi ya maji. Kati ya mayai 180, yenye uhai yalikuwa 11. Nikachinja jogoo mmoja nijionee. Korodani za jogoo hukaa ndani, mgongoni, karibu na figo, na kwa jogoo aliyekomaa huwa nene na nyeupe, zikaribie ukubwa wa kidole gumba. Nilizozikuta zilikuwa zimesinyaa kama punje za maharage.

Nilipomrudia muuzaji, alinijibu kwamba mitetea wangu ndio wagonjwa. Jibu hilo ndilo lililonifanya nitafute na kusoma, na sasa namjibu hadharani.

Alichokishika yeye ni nusu ya habari, na ni nusu ya zamani sana. Mwaka 1849, huko Göttingen, Ujerumani, Arnold Berthold aliwahasi majogoo wachanga. Walioachwa bila korodani hawakuwika sawasawa wala kujali majike, lakini waliorudishiwa korodani tumboni, ingawa mishipa yake ya fahamu ilikuwa imekatwa, walikua majogoo kamili wa kuwika na kupigana. Kwa hiyo kilichowachangamsha kilisafiri kwa damu. Muuzaji wangu ameishia hapo.

Nusu ya pili iko kichwani. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamrisha tezi ya pituitari, nayo pituitari huziamrisha korodani zifanye kazi mbili: kutengeneza mbegu na kutoa testosteroni, yaani ile homoni ya kiume. Testosteroni hiyo hurudi ubongoni, ambako huamsha ngoma ya kubembeleza majike, na papo hapo huiambia haipothalamasi kwamba kiasi kinatosha. Ukimchoma jogoo testosteroni nyingi kutoka nje, ubongo unaiona damu imejaa, unaacha kutoa amri, na korodani zinalala. Jogoo anaendelea kucheza kwa nguvu ya sindano huku hana mbegu ya kumpa mtetea. Mayai ya wiki ya kwanza yalitotoa kwa sababu mtetea huhifadhi mbegu za jogoo katika vijitundu ndani ya njia yake ya mayai kwa wiki mbili au zaidi. Nilikuwa nakula akiba ya kabla ya sindano, nikamshukuru mtu aliyekuwa ananiharibia.

Wala si kweli kwamba wingi wa homoni kwenye damu ndio kila kitu. Kwa kware wa Kijapani, ambao Jacques Balthazart amewachunguza kwa miaka mingi huko Liège, Ubelgiji, sehemu kubwa ya kazi hufanywa baada ya ubongo kuigeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike, kwa kimeng'enya kiitwacho aromatasi. Ukikizuia kimeng'enya hicho, dume aliyejaa testosteroni huacha kupanda. Hapa kwetu Tanzania, katika bonde la Usangu, yuko ndege aitwaye tipitipi mweusi, ambaye jike ndiye anayeimba na kulinda eneo, na dume ndiye anayeatamia. Testosteroni ya jike huyo haizidi ya dume. Tofauti ilionekana katika sehemu moja ya ubongo, ambako jike ana vipokezi vingi zaidi vya homoni hiyo.

Swali alilopaswa kuniuliza lilikuwa dogo: banda lako lina mwanga? Mwaka 1935 Jacques Benoit, Mfaransa, alionyesha kwamba hata bata aliyetolewa macho hukuza korodani ubongo wake ukifikiwa na mwanga, kwa maana ndege huipima nuru kupitia fuvu. Mimi nilikuwa nimeziba madirisha kwa maturubai tangu mvua za Januari. Wiki tatu nzima kuku wangu waliishi gizani, na hakuna sindano inayotibu giza.

Sasa namtaka muuzaji huyo, ambaye najua anasoma hapa, anirudishie gharama ya vichupa 7 na ya mayai 169, na aseme wazi dawa hiyo inaitwaje. Wengine waliouziwa vichupa visivyo na lebo waandike hapa chini walichomwa kuku wangapi na mayai yalitoka vipi. Chupa mbili hazijafunguliwa; nimeziweka kwenye friji pamoja na risiti, na Jumatatu nazipeleka kwa daktari wa mifugo wa wilaya.