Samadi ya kununua kwa bustani ndogo ya Fuoni: niitafute wapi, na niikague vipi?

Mkaazi wa Fuoni

Assalaam alaykum. Nimekodi kipande cha ardhi hapa Fuoni, upana mita 8 na urefu mita 10, nami nakusudia kupanda mchicha, bamia, bilingani na tungule katika mvua za vuli. Udongo wake ni kichanga kitupu, ambacho nikikimwagilia asubuhi, adhuhuri kimekwisha kukauka. Msimu uliopita nilinunua magunia sita ya mbolea ya kuku kwa mfugaji wa jirani, nikaitia siku ile ile ilipotolewa bandani, na haikupita wiki miche yote ya tungule ikawa imeungua kingo za majani. Aliyeniuzia simlaumu, kwani sikumuuliza kitu. Safari hii nauliza mapema: ninunue ya ng'ombe au ya kuku, na magunia mangapi yatanitosha?

Mfugaji wa Dole

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kilichokuunguzia miche ni ubichi wa mbolea. Kinyesi kibichi cha kuku kina naitrojeni nyingi inayogeuka amonia, na harufu ile inayochoma macho ukiingia bandani ndiyo hiyo hiyo inayochoma mizizi. Wafugaji wa kuku wa nyama husafisha mabanda kila wanapouza kundi, yaani takriban kila wiki tano au sita, kwa hivyo kuipata si kazi. Kazi ni kuisubiri, kwa sababu hata maranda yaliyomo huwa hayajaoza. Inunue miezi mitatu kabla ya kupanda, uirundike kivulini kwa matabaka pamoja na majani makavu ya migomba au ya mwembe mpaka ifike kifuani, uitie maji kiasi ambacho ukiifinya yatoke matone mawili matatu tu, kisha uifunike kwa makuti. Ndani patapanda joto hadi nyuzi 55 au 65, mkono usivumilie. Likishuka, pindua rundo ili ya nje iingie ndani. Usipopindua, ndago zilizobaki pembeni utazipanda mwenyewe bustanini.

Ama samadi ya ng'ombe, ni tulivu zaidi na kichanga chako kinaihitaji ili kishike maji, lakini ng'ombe wetu wengi hufungwa kamba chini ya minazi na kuhamishwa kila siku, na mavi yao hubaki huko huko. Nenda kwa wanaofuga ng'ombe wa maziwa bandani na kuwakatia majani, maana hao hutoa mavi kila asubuhi, na wapo wanaoshukuru ukiwapunguzia rundo. Waulize kama lilifunikwa, kwani samadi iliyonyeshewa masika yote rutuba yake imekwisha kushuka ardhini.

Kwa hesabu, kilo 3 kwa kila mita ya mraba zinatosha kuanzia, na eneo lako ni mita za mraba 80, basi ni kilo 240. Gunia la mchele wa kilo 50 likijazwa samadi kavu hukadiriwa kilo 30, kwa hivyo chukua manane. Ikiwa imeroa, gunia litakuwa zito na wewe utakuwa umenunua maji. Mimi huchukulia kwa gari la ng'ombe, nikamwona maskini akivuta mzigo alioutoa mwenyewe.

Mama wa Jambiani

Sisi wa maweni, ambao udongo wetu ni wa kuokoteza baina ya mawe, huchanganya pia mwani uliotupwa pwani. Una potasiamu, lakini usiutie moja kwa moja: utandaze unyeshewe kwanza ili chumvi itoke, na katika rundo uwe sehemu ndogo tu.

Mwenye minazi, Wete

Ndugu, kabla hujalipa, pasua gunia moja na utie mkono mpaka chini. Chonga, yule mdudu mkubwa wa minazi, hutaga mayai katika samadi na katika magogo ya minazi yaliyooza, na mabuu yake ni meupe, manene kama kidole gumba, yaliyojikunja. Ukiyabeba nyumbani, wakikua wataruka na kutoboa vilele vya minazi ya jirani zako, ambao hawakununua samadi. Ukiyakuta, wape kuku.

Mkaazi wa Fuoni

Ahsanteni sana. Nitachukua ya ng'ombe kwa msimu huu, na ya kuku nitairundika kwa ajili ya ujao. Swali moja limebaki: nitajuaje kama imeiva kweli, ikiwa muuzaji naye hana hakika?

Mfugaji wa Dole

Iliyoiva hunuka udongo baada ya mvua, imekuwa nyeusi, na huwezi tena kutambua jani wala randa. Kama una shaka, jaza kopo moja kwa mchanganyiko wa nusu samadi na nusu udongo wako, na jengine udongo mtupu, upande kunde tano tano. Baada ya siku kumi linganisha. Zikiota chache au majani yakijikunja katika lile la samadi, liache rundo mwezi mmoja zaidi.