Mliolala foleni ya mbolea ya ruzuku, tupeane uzoefu

Mzee wa Plau: Wakuu, leo nafagia stoo nikakuta kiroba kitupu cha DAP, mbolea ya kupandia, cha msimu wa 2022/23, yote yakanirudia. Ruzuku ilitangazwa Nanenane pale Mbeya: mfuko 70,000, wakati bila ruzuku ulikuwa umepita 130,000. Tukashangilia. Nikatoka kijijini, huku Mbozi, saa tisa usiku kwa bodaboda. Kufika kwa wakala, mstari wa mawe na ndala, wenyewe wamelala pembeni. Mifuko miwili nimeipata siku ya tatu. Wenzangu ilikuwaje?

Mama Kukuzia: Mawe! La kwangu lilisogezwa nyuma, na mpaka leo sijamjua aliyelisogeza.

Jembe Butu: Mmepunguziwa karibu nusu ya bei, bado mnalia. Watu hamna shukrani.

Mzee wa Plau: Soma vizuri kijana. Nani kalia?

Mama Kukuzia: Piga hesabu ya bodaboda na mama ntilie siku tatu, halafu uje na shukrani zako.

Binti Matengo: Ngoja niwape ya kwetu. Baba kajiandikisha kwa mtendaji, ekari nne. Simu hana, akatoa laini ya kaka. Meseji ya namba ya kuchukulia mbolea ikawa inaingia kwa kaka, na kaka kashaenda machimboni Chunya. Baba kalala barazani kwa wakala siku mbili, juu ya viroba vitupu, kashika karatasi yenye namba ya simu ya kaka. Kila mwenye simu anaombwa apige. Haipatikani.

Siku ya tatu nikamfuata. Saa nne asubuhi kaka akapokea, nyuma nasikia muziki wa baa. "Namba zile? Si nilishampa jamaa mmoja, kanipa elfu ishirini." Wakala akaangalia kwenye mfumo: mifuko yote ilishachukuliwa. Baba akaikunja ile karatasi mara nne, akaiweka ndani ya kofia, akaniuliza kama nimekula.

Mama Kukuzia: Jamani, baba wa watu.

Jembe Butu: Hapo serikali inaingiaje? Huyo ni kaka yako.

Mzee wa Plau: Na aliyenunua namba ni kaka wa nani?

Vocha ya Zamani: Hayo mapya? Enzi za vocha za karatasi kwetu ulikuwa unasaini vocha ya mbegu, ya mbolea ya kupandia na ya kukuzia, wakala anakupa elfu kumi, mfuko huuoni. Na tulikuwa tunashukuru, shule zimefunguliwa.

Jembe Butu: Kumbe wauzaji mko humu humu.

Vocha ya Zamani: Wewe ulikuwa chekechea, nyamaza.

Mama Kukuzia: Ushauri wangu, laini iwe yako mwenyewe, hata ya kitochi.

Mzee wa Plau: Na mvua ikianza usisubiri ruzuku, uza mbuzi upande.

Vocha ya Zamani: Usiuze mbuzi! Samadi utatoa wapi?

Jembe Butu: Samadi inaleta magugu. Binti, kaka alirudi?

Binti Matengo: Krismasi, na redio mpya. Baba alipanda kwa samadi ya kuomba kwa jirani, mahindi yakatoka ya njano. Ya kwanza kuchoma kala kaka.

Mama Kukuzia: Mngemchoma yeye.