Mjadala: Anayekosa usafi wa Jumamosi atozwe elfu mbili. Hapo bado ni kujitolea?

Mtoa mada

Wakuu, habari za jioni. Naleta hili kwenu kwa sababu mtaani kwetu limeshatugawa, na mkutano wa mtaa ni Jumapili ijayo.

Mtaa siutaji, ila anayeijua Mwanza ataelewa. Nyumba zimekaa juu ya mawe, njia ni ngazi za kuchonga, gari la taka linaishia chini barabarani. Mwenye kiroba cha taka ama ashuke nacho mpaka kizimbani, ama asubiri mvua ianze akimwage korongoni. Usiku wa manane mvua ikipiga bati, nenda kasimame pale korongoni uone nani na nani wana haraka. Korongo linamwaga mto Mirongo, Mirongo unamwaga ziwani, na ziwa hilohilo ndilo linalorudi kwetu kwa bomba.

Kikundi chetu kilianza na watu saba. Mali zetu ni makoleo mawili, reki tatu na guta la kuazima ambalo tairi la nyuma halijawahi kuwa zima. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunazibua mtaro, chupa za plastiki tunaziuza kwa kilo, hela inanunua viroba. Kisha tunapanda shule ya msingi kuangalia miti. Tulipanda miche arobaini, mijohoro na miarobaini. Hai ni kumi na tisa, iliyobaki ilikuwa chakula cha mbuzi ambao mwenyewe tunamjua na anatusalimia kila siku. Kila mche una chupa ya lita moja na nusu imefungwa kichwa chini, kizibo kimetobolewa kwa sindano. Watoto wanajaza asubuhi, linadondoka tone moja moja mpaka jioni.

Sasa linakuja boma. Wazazi walijenga madarasa mawili kwa nguvu zao. Kokoto zimegongwa kutoka kwenye mawe yetu wenyewe, kina mama wamepandisha maji kwa ndoo kichwani, likafika usawa wa lenta. Tuliambiwa wananchi wakifika lenta, halmashauri inamalizia. Huu ni mwaka wa tatu. Ndani umeota mchicha pori, na kuna mtu ameona ni mahali pazuri pa kuanikia dagaa.

Pendekezo la kikundi changu mwenyewe ni kwamba mkutano upitishe kila kaya isiyotoka Jumamosi ilipe shilingi 2,000, na fedha ziende kwenye bati na mbao.

Mimi nimo kikundini tangu siku ya kwanza, viganja vina sugu, na napinga. Siku tukianza kumtoza mtu, tumekuwa watoza ushuru wasio na stakabadhi. Tena tukishaezeka wenyewe, boma lijalo tutaambiwa "nyie si mliweza?" Naomba hoja zenu. Msinionee huruma.

Mama Genge

Mimi nakujibu kama mtu wa kutozwa. Jumamosi ile maduka na magenge yanafungwa mpaka saa nne. Nyanya nimechukua alfajiri kwa mkopo, zinaiva zikiniangalia. Saa nne nafungua, mteja wa asubuhi ameshapita. Faida ya siku hiyo kwenye nyanya na dagaa inaweza isifike hiyo elfu mbili yenu. Kwa hiyo mwenye gari anayelala mpaka saa tano anatoa elfu mbili anarudi kulala, na mimi nashika koleo kwa lazima. Hiyo ni kazi ya maskini na ruhusa ya tajiri. Na mtaro unaoziba uko mbele ya genge langu, nauzibua mwenyewe kila siku ya Mungu bila kupigwa picha.

Kijana wa Kijiweni

Mama kaua. Mjadala ufungwe.

Mwalimu wa Zamu

Usifungwe bado, mimi ndiye niliye darasani.

Januari 2016 ada ya shule za serikali iliondolewa mpaka kidato cha nne, kwa Waraka Na. 5 wa mwaka 2015. Jambo jema, watoto wamejaa. Lakini ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Kinachofika shuleni ndicho cha chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika na dawa ya choo. Gawa kwa siku za masomo uone kama kinanunua hata andazi.

Darasa langu la tatu wanakaa wanne kwenye dawati la watatu, wa pembeni anaandika kiuno kiko nje. Boma lenye dagaa liko hatua thelathini kutoka hapo. Harufu ikija na upepo wa ziwa, hesabu zinasimama. Kwa hiyo mkuu, hoja yako ya "tusiizoeshe serikali" ni nzuri kwa mtu ambaye mtoto wake hayumo kwenye lile dawati. Mtoto wa darasa la tatu haurudii mwaka wake kusubiri watu wazima wamalize kushindana.

Mtoa mada

Mwalimu, wangu yumo. Darasa la nne. Nimekusikia hata hivyo, hiyo ya kiuno nje imenichoma.

Sheria Kidogo

Watu wanajadili kama faini ni nzuri au mbaya, wakati swali la kwanza ni kama mtaa una mamlaka ya kuitoza. Hauna. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982, zikapita halmashauri. Mtaa wa mjini uko chini ya Sheria Na. 8 ya mwaka huohuo, na huko anayetunga sheria ndogo ni halmashauri ya jiji au manispaa. Mkutano wenu unaweza kupiga makofi mpaka usiku, elfu mbili hiyo haina miguu. Mkimshikia mtu ndoo yake kwa kutolipa, mwenye kosa ni nyie.

Halafu mkumbuke Januari 2018, Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni kwa sababu watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani. Anayetaka kuchangia kwa hiari hakatazwi. Neno ni hiari, na hiari haina daftari la wasiolipa.

Mzee wa Ng'wanza

Wanangu, nimesoma nikacheka. Mnadhani faini mmeivumbua nyie.

Kwetu Usukumani vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale. Akipiga mbiu ya kulima shamba la fulani, unatoka. Usipotoka bila sababu, unalipa, na usipolipa unatengwa. Walipokuja sungusungu mwanzoni mwa miaka ya themanini, silaha yao kubwa ilikuwa ileile ya kutenga: hakuna wa kukupa moto, hakuna wa kukuzikia. Kwa hiyo msiniambie zamani watu walijitolea kwa mapenzi tu. Walikuwa wanaogopa pia.

Lakini tofauti ipo. Nsumba ntale alikuwa wa kwanza kuinama na jembe. Na mwenye shamba alipika, kazi ikiisha watu wanakula kwake, kesho shamba ni la mwingine. Wewe ulilima kwangu, mimi nitalima kwako. Sasa hapa kwenu mwenye shamba ni nani? Ni halmashauri. Amepika nini? Amekuja na jembe lini? Ngitili, yaani malisho ya akiba, tulizitunza, majani yakakaa mpaka kiangazi, kwa sababu kila mtu alijua ng'ombe wa nani wataingia na siku gani. Kitu kisicho na mwenyewe anayejulikana hakilindwi kwa elfu mbili.

Mtoa mada

Shikamoo mzee. Wabeja sana. Swali la nani amepika nitaliazima Jumapili.

Mchuuzi wa Mwaloni

Ngoja niwape la kwetu ufukweni, mtajua kwa nini sishiki tena reki ya mtu.

Palikuwa na kipande cha ufukwe, jalala tupu: nyavu zilizooza, viatu pea moja moja, na gugumaji limejaa mpaka mtumbwi hauingii. Vijana kumi na wawili tulikaa nacho miaka miwili. Gugumaji hulitoi siku moja, mzizi una maji, ukilivuta linakuvuta. Unalitupa nchi kavu, baada ya wiki mbili yaliyobaki majini yamezaa mengine. Tulipomaliza tukapanda nyasi, tukaweka mabenchi ya mbao za mitumbwi mibovu. Jioni watu wakaanza kuja na watoto, bure. Mji huu mtoto akitaka kukimbia bila kulipa kiingilio unampeleka wapi?

Asubuhi moja tumekuta mabati ya uzio. Kuna mtu ana karatasi. Karatasi imetoka wapi sijui, sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zisifanyiwe shughuli za kudumu wala zinazoharibu, lakini kuta zimepanda na leo pana muziki na viti vya plastiki. Miaka yote paliponuka hakutokea mwenye karatasi. Tulimsafishia.

Na wenzangu wanne walitibiwa kichocho baada ya kazi ile. Tuliingia majini peku. Konokono wa kichocho wanapenda palepale penye majani na maji yaliyotulia, sisi tukawafuata tukiimba. Hakuna aliyetuambia kuhusu gambuti.

Mama Genge

Pole sana kaka. Na hao waliompimia huyo mwenye karatasi hawakuja kuwauliza hata jina?

Mchuuzi wa Mwaloni

Walikuja kupiga picha siku ya usafi. Nimo kwenye picha, nimeshika gugumaji kama mkungu wa ndizi.

Bati Geji 28

Naona watu wanaichukulia serikali kama haijengi kabisa. Mwaka 2021 sehemu ya zile fedha za UVIKO, shilingi trilioni 1.3, ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, na darasa la sekondari lilipangiwa milioni 20. Kwa hiyo fedha zikitaka kuja zinakuja. Tatizo la maboma ni foleni: kila mtaa una boma, diwani mmoja, bajeti moja. Boma lisilo na mtu wa kulifuatilia linabaki la dagaa.

Mimi ni fundi. Darasa mbili hizo, kama kuta zimekaa mvua tatu bila kufunikwa, msikimbilie bati. Mwiteni mhandisi wa halmashauri kwanza aangalie lenta. Nimeshaona watu wanaezeka kwa michango, halafu jengo linakataliwa watoto wasiingie kwa sababu halikufuata ramani. Hiyo hasira hamtaiweza.

Kijana wa Kijiweni

Utani pembeni. Mimi huwa sitoki Jumamosi na niseme kwa nini. Siku ya kwanza nilitoka. Nikapewa koleo, nikachimba mtaro mpaka kiuno kikakaza. Ulipofika muda wa kugawa hela ya chupa, tukaambiwa imenunua viroba. Viroba vingapi? Kimya. Sikusema wameiba. Nilisema tu viroba vingapi. Nikaonekana mkorofi.

Mtoa mada

Kijana, kama ni kikundi chetu unachosema, basi mweka hazina wa wakati ule nilikuwa mimi. Daftari lipo, ila sikuwahi kulibandika popote. Viroba mia moja, na hela iliyobaki ilikwenda kwenye tairi la guta. Ulipouliza nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka akiulizwa hesabu anahisi anaitwa mwizi. Nakosa jibu zuri zaidi ya hilo.

Nimesoma zote. Faini nilikuwa naipinga, sasa naipinga zaidi, na Sheria Kidogo amenipa fimbo. Ila Mwalimu amenihamisha kwenye lile la kuiachia halmashauri. Siwezi kusimama mkutanoni niseme tusiguse boma ili tuwafundishe adabu, wakati mwanangu anaandika akiwa ameegemea ukuta.

Kwa hiyo Jumapili nitaomba daftari la kazi libandikwe ofisi ya mtaa: nani alitoka, saa ngapi, kokoto ndoo ngapi, chupa kilo ngapi, shilingi ngapi. Mtendaji agonge muhuri. Tuliyofanya yahesabiwe kwa bei ya fundi na ya kibarua, yapelekwe kwa diwani kama mchango wetu kwenye boma, na mhandisi aje kuangalia lenta kabla hatujagusa msumari. Muda wa usafi usogezwe jioni, Mama Genge apate asubuhi yake. Na kama kuna kipande chochote cha wazi tunachokisafisha, kiandikwe kuwa ni cha mtaa kabla hatujapanda hata jani moja. Hilo la Mwaloni sitalisahau.

Mwalimu wa Zamu

Bado hujasema nani ataondoa dagaa.

Mtoa mada

Mwenye dagaa nimemfuata leo jioni. Anasema atatoa, ila anauliza hilo boma ni la nani, maana yeye alibeba mawe pale siku sita.

Mzee wa Ng'wanza

Mwambieni aje naye Jumapili.

Mtoa mada

Wakuu, taarifa: mkutano umesogezwa wiki moja, mwenyekiti ana msiba Magu. Jumamosi tunatoka kama kawaida, ila saa kumi jioni. Mwenye pampu ya kujazia tairi la guta anisaidie.